Gari Lililopungua Nguvu: Kagua Njia ya Hewa Kabla ya Kuihukumu Injini

Miongoni mwa maneno ambayo mwenye gari kuukuu huogopa kuyasikia gerejini ni haya mawili: "Injini imechoka." Yakishatamkwa, mazungumzo huhamia kwenye bei ya injini nyingine, gharama ya kuifunga na siku za kukaa bila gari. Pengine fundi amesema kweli, kwani injini huchakaa kama kitu kingine chochote. Hata hivyo, kupungua kwa nguvu peke yake si ushahidi wa uchakavu huo. Katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990, gari linaweza kuwa zito kwa sababu ya kipande cha mpira kilichopasuka, cha bei ya shilingi mia chache, katika mfumo ambao wenye magari wengi hawajapata kuusikia.

Makala haya yanaueleza mfumo huo, dalili za hitilafu zake, na utaratibu wa kuukagua. Hayakusudii kumfanya msomaji awe fundi. Yanakusudia kumwezesha kuuliza maswali yanayofaa, kuyaelewa majibu, na kutolipia kipuri wala injini kabla ya kuonyeshwa kipimo.

Mfumo wa uingizaji hewa unaobadilika

Injini haichomi petroli peke yake. Huchoma mchanganyiko wa petroli na hewa. Hewa hiyo hupita kwenye kichujio, kisha kwenye manifoldi, yaani mkusanyiko wa mabomba yanayoigawa kwa kila silinda. Valvu ya silinda inapofunga, hewa iliyokuwa ikikimbilia ndani hugonga mlango uliofungwa, na wimbi la shinikizo hurudi nyuma kwenye bomba. Wimbi hilo hufika mwisho wa bomba, hugeuka na kurejea. Likirejea wakati valvu imefunguka tena, huisukuma hewa zaidi ndani ya silinda, na injini hupata nguvu ya ziada bila kuongezewa kifaa cha kupulizia.

Jambo gumu ni wakati. Injini ikizunguka polepole, wimbi huhitaji safari ndefu ili lisirejee mapema mno. Ikizunguka kwa kasi, huhitaji safari fupi ili lisichelewe. Bomba la urefu mmoja haliwezi kuzitosheleza hali zote mbili. Kwa sababu hiyo watengenezaji walibuni manifoldi yenye kilango ndani yake. Kilango kikiwa upande mmoja, hewa hufuata njia ndefu, inayofaa kupanda mlima au kuondoka na mzigo. Kikigeuka, hewa hufuata njia fupi, inayofaa mwendo wa kasi.

Kinachokigeuza kilango ni mnyororo wa vifaa vidogo. Kompyuta ya injini hupima kasi ya mzunguko na kiasi ambacho dereva amekanyaga mafuta. Kisha hutuma umeme kwenye valvu ndogo ambayo mafundi huiita solenoidi. Solenoidi hufungua au kufunga njia ya ombwe. Ombwe, au vakyumu kwa lugha ya gereji, ni ule uvutaji unaotokea ndani ya manifoldi pistoni zinaponyonya hewa. Uvutaji huo hupita katika mipira myembamba hadi kwenye kikombe chenye kiwambo cha mpira ndani yake. Kiwambo kikivutwa, huvuta ufito wa chuma, na ufito hukigeuza kilango. Baadhi ya magari hutumia mota ya umeme badala ya kikombe cha ombwe, lakini kazi ni ile ile.

Basi kuna kompyuta, nyaya, solenoidi, mipira, kikombe, ufito na kilango. Kimoja kikikosa kufanya kazi, vingine vyote havina faida. Ni muhimu pia kukumbuka kwamba vinavyozeeka upesi zaidi ni mpira na plastiki, kwa kuwa hukaa miaka mingi juu ya joto la injini. Mara nyingi chuma cha injini bado ni kizima wakati vitu hivyo vimekwisha kukauka na kupasuka.

Magari yanayohusika

Toyota huuita mfumo wake ACIS. Umo, kwa mfano, katika injini ya lita 3.0 ya silinda sita iitwayo 1MZ-FE, iliyofungwa katika Harrier za kizazi cha kwanza, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwaka 1997, na pia katika injini ya 2JZ-GE. BMW huuita DISA, na wamiliki wa magari yenye injini ya silinda sita ya M54 hulifahamu jina hilo. Mercedes-Benz zenye injini ya V6 ya M272 nazo zina vilango vya namna hii ndani ya manifoldi.

Udhaifu wa kila aina ni tofauti. Katika Toyota za zamani, mara nyingi huanza mipira ya ombwe, solenoidi au kiwambo. Katika DISA ya BMW, kilango chenyewe na pini inayokishikilia hulegea. Katika M272, vishikizo vya plastiki vinavyovuta vilango huvunjika. Kwa hiyo ushauri wa jirani mwenye gari la aina nyingine hautoshi. Ijue injini ya gari lako kwa nambari yake, nayo huandikwa katika kibati kilichobandikwa chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango.

Dalili za hitilafu

Hitilafu ya mfumo huu huonekana kwa namna mbili, kutegemea kilango kimekwama upande gani. Kikikwama kwenye njia fupi, gari huwa zito kwa mwendo mdogo: huondoka kwa shida likiwa na abiria, na hupanda mlima kwa kusuasua hadi injini izunguke kwa kasi. Kikikwama kwenye njia ndefu, gari huondoka vizuri, lakini hukosa pumzi dereva anapotaka kulipita gari jingine. Katika hali zote mbili nguvu hupungua katika sehemu moja ya mwendo, si katika mwendo wote. Alama hii ndiyo inayostahili kuzingatiwa kuliko nyingine zote.

Ikiwa mpira wa ombwe umepasuka, huongezeka dalili nyingine: sauti ya mfyonzo chini ya boneti, injini kupanda na kushuka gari likiwa limesimama, na taa ya injini kuwaka katika dashibodi. Kilango kilicholegea hutoa sauti ya kugongagonga ndani ya manifoldi, hasa injini inapozunguka polepole.

Vilevile kuna dalili ambazo mfumo huu hauzisababishi. Moshi wa buluu, mafuta ya injini yanayopungua kila wiki, maji ya rejeta yanayopotea, au injini inayopanda joto kupita kiasi si kazi ya kilango cha hewa. Ukiziona, shughulikia chanzo chake kwanza. Usipoziona, na bado ukaambiwa kwamba ringi za pistoni zimekwisha, una sababu njema ya kuomba uthibitisho.

Mambo ya kuondolea shaka kwanza

Kabla ya kuugusa mfumo huu, fundi makini huondoa sababu za kawaida zaidi: kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, kichujio cha petroli kilichoziba, plagi na koili zilizochoka, kihisi cha kupima hewa kilichochafuka, breki zinazong'ang'ania gurudumu, giaboksi inayoteleza, na bomba la ekzosi lililoziba. Uliza ni yapi kati ya hayo yamekaguliwa, na matokeo yalikuwa nini.

Sababu nyingine haiko ndani ya gari kabisa, bali katika mwinuko wa nchi yetu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kuliko la Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini isiyo na taboo ya kupulizia hewa, yaani isiyo na tabo, lazima iwe na nguvu ndogo zaidi Nairobi, Nakuru au Eldoret kuliko pwani. Mtu aliyelinunua gari Mombasa na kulipandisha bara asishangae kuliona limekuwa zito kidogo. Hiyo si hitilafu.

Mwinuko huo huo huvuruga vipimo. Vitabu vingi vya ufundi husema kwamba injini nzima, ikizunguka gari likiwa limesimama, huonyesha ombwe la inchi 17 hadi 21 za zebaki. Takwimu hizo ni za usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 za mwinuko, kipimo hushuka kwa karibu inchi moja. Kwa hiyo injini nzima ikipimwa Nairobi inaweza kuonyesha inchi 12 hadi 16, na fundi asiyelijua hilo atatafuta mvujo usiokuwapo.

Kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, nacho huathirika vivyo hivyo. Injini inayotoa 180 psi Mombasa inaweza kutoa takriban 150 tu Nairobi bila kuwa na kasoro yoyote. Mtu akilinganisha 150 hiyo na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari, ataihukumu injini isivyo haki. Kwa hiyo usitazame takwimu moja peke yake. Linganisha silinda na silinda. Zikikaribiana zote, na gari halina moshi wala halili mafuta ya injini, madai kwamba injini imechoka hayajathibitishwa. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, hapo kuna jambo la kufuatilia.

Hatua za ukaguzi

Ukaguzi mzuri huanza na kisicho na gharama na kuendelea hadi kilicho ghali. Hatua zifuatazo, kwa gari ambalo manifoldi yake inafikika kwa urahisi, hazihitaji siku nzima.

1. Andika dalili. Kabla ya kwenda gerejini, andika ni wakati gani nguvu hupotea: mlimani au tambarare, injini ikiwa baridi au moto, mshale wa mizunguko ukiwa wapi, gari likiwa tupu au limejaa. "Kati ya mizunguko 1,500 na 3,000 nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru" ni maelezo yanayomsaidia fundi. "Gari haliendi" humwachia abahatishe.

2. Soma misimbo ya hitilafu. Fundi huunganisha mashine ya uchunguzi na kompyuta ya gari. Msimbo P0660 huashiria hitilafu katika mzunguko wa umeme wa valvu ya manifoldi. P2004 huashiria vilango vilivyokwama vikiwa wazi, na P2006 vilivyokwama vikiwa vimefungwa. P0171 na P0174 husema kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, jambo linaloweza kuletwa na mpira uliopasuka. Omba misimbo iandikwe kabla ya kufutwa. Kumbuka mambo mawili. Kwanza, msimbo huonyesha eneo la kutafutia, hautaji kipuri cha kununua. Pili, magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayatoi msimbo wowote kwa hitilafu ya kilango, na mengine hayasomeki kwa mashine za kawaida. Kukosekana kwa msimbo hakumaanishi kwamba mfumo ni mzima.

3. Kagua mipira ya ombwe. Kila mpira ushikwe, ukunjwe kidogo na kutazamwa kwenye ncha zake, kwa kuwa hapo ndipo nyufa huanza. Mpira uliokuwa mgumu kama plastiki ubadilishwe hata kama bado haujapasuka. Njia salama ya kutafuta mvujo uliojificha ni mashine ya moshi: moshi hupulizwa ndani ya manifoldi, na hutokea penye ufa. Usikubali petroli inyunyizwe kwenye injini yenye moto ili kusikiliza kama mzunguko utabadilika. Njia hiyo imekuwa mazoea mahali pengi, nayo inaweza kuliteketeza gari pamoja na anayelitengeneza.

4. Pima kikombe cha ombwe. Fundi hukichomoa kikombe kwenye mpira wake na kukiunganisha na pampu ya mkono yenye geji. Akivuta, ufito unapaswa kusogea. Akiacha, geji inapaswa kubaki ilipo, na ufito usirudi, kwa takriban dakika moja. Geji ikishuka, kiwambo kimetoboka. Geji ikikaa lakini ufito usisogee, kilango kimekwama au ufito umekatika. Kipimo hiki ndicho chenye ushahidi ulio wazi zaidi, na mwenye gari anaweza kukishuhudia kwa macho yake.

5. Pima solenoidi na nyaya zake. Solenoidi ikipewa umeme wa volti 12 hutoa mlio mdogo na kubadilisha njia ya hewa. Ukinzani wake hupimwa kwa mita na kulinganishwa na kitabu cha ufundi cha injini hiyo. Ikiwa ni nzima lakini haipati umeme, tatizo liko kwenye nyaya au soketi. Kutu katika soketi si sababu ya kununua kompyuta mpya.

6. Kagua kilango chenyewe. Hatua hii huja mwisho kwa kuwa mara nyingi hudai kufungua manifoldi. Kilango kilichogandishwa na masizi kinaweza kusafishwa. Kilichovunjika hubadilishwa. BMW yenye injini ya M54 ni rahisi zaidi, kwa kuwa kifaa cha DISA hushikiliwa na skrubu mbili na hutoka peke yake bila kuivua manifoldi. Kilango chake hakipaswi kuyumba kwenye pini.

Tahadhari moja kuhusu hatua zote hizi. Fundi anaweza kukanyaga mafuta gari likiwa limesimama, akautazama ufito, akauona hausogei, kisha akasema kikombe kimekufa. Katika injini kadhaa kompyuta hukigeuza kilango pale tu injini inapobeba mzigo na mafuta yamekanyagwa sana. Kwa hiyo jaribio hilo la gari lililosimama halithibitishi chochote. Aidha, baadhi ya vilango hukaa wazi injini ikizimwa na vingine hukaa vimefungwa. Kitabu cha ufundi cha injini husika ndicho huamua lipi ni la kawaida.

Hitilafu isiyopaswa kungoja

Mpira uliopasuka au solenoidi iliyokufa hukunyima nguvu na kukuongezea matumizi ya petroli, lakini kwa kawaida haitaiangamiza injini kwa siku moja. Kilango kilicholegea ni jambo jingine. Kilango kimo ndani ya njia inayoelekea kwenye silinda. Pini, skrubu au kipande cha plastiki kikikatika, injini hukivuta ndani, na huko kinaweza kupinda valvu au kutoboa pistoni. Hili linajulikana hasa katika DISA za BMW zilizozeeka.

Kwa hiyo ukisikia mgongano mpya ndani ya manifoldi, liegeshe gari na kuliita fundi au gari la kuvuta. Kilango kikitolewa na kuonekana kimepungukiwa pini au kipande, kipande hicho lazima kitafutwe hadi kipatikane kabla ya injini kuwashwa tena. Fundi akisema, "Labda kilikwisha kutoka zamani," mwombe achunguze ndani ya manifoldi na silinda kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni injini nzima.

Kuchagua tengenezo

Baada ya chanzo kuthibitishwa, kwa kawaida una njia tatu. Ya kwanza ni kubadilisha kilichoharibika tu: mpira, solenoidi au kikombe. Hii hutosha mara nyingi, na ndiyo ya kuulizia kwanza. Ya pili ni kubadilisha manifoldi nzima. Inaweza kuwa lazima pale ambapo mtengenezaji haviuzi vilango peke yake, lakini uliza kama kuna vishikizo au vifaa vya ukarabati vinavyouzwa kivyake kwa injini hiyo. Ya tatu ni kukiondoa kilango na kuziba nafasi yake. Njia hii huuzwa kama tiba ya kudumu. Ukweli ni kwamba unaikubali hali ya gari kukosa nguvu katika sehemu moja ya mwendo siku zote, na taa ya injini inaweza kubaki ikiwaka. Ukiichagua, ichague ukijua hivyo.

Vipuri vilivyotumika vina soko kubwa nchini, na si vibaya vyote. Lakini kikombe au manifoldi iliyotolewa kwenye gari la umri ule ule ina mpira na plastiki ya umri ule ule. Omba kikombe kipimwe kwa pampu ya mkono dukani kabla ya kulipa, na risiti itaje wazi kwamba kipuri kimetumika, ni cha injini gani, na kinaweza kurudishwa ndani ya siku ngapi kisipofaa.

Haki zako gerejini

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa zinazohitajika, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia anapopata hasara kwa sababu ya bidhaa au huduma mbovu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 huzieleza haki hizi kwa undani, na Sehemu yake ya Sita inahusu matengenezo ya magari na bidhaa nyingine. Mambo yafuatayo ndiyo ya msingi.

Makadirio. Mwenye gereji anapaswa kukupa makadirio ya gharama kabla ya kukutoza kwa kazi. Akitaka kulipwa kwa kutoa makadirio, kwa mfano kwa sababu lazima afungue manifoldi, anapaswa kukuambia kiasi hicho mapema. Ukiamua kutopewa makadirio, taja kiwango cha juu ambacho hutaki kivukwe.

Idhini. Kazi isiyoidhinishwa nawe haipaswi kutozwa. Aliyepewa ruhusa ya kubadilisha mpira asikukabidhi hesabu ya manifoldi. Idhini ya simu ni halali ikiwa imeandikwa ipasavyo, hivyo tuma ujumbe mfupi unaotaja kazi na kiasi.

Kikomo cha gharama. Malipo ya mwisho hayapaswi kuzidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10.

Vipuri vya zamani. Unayo haki ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa kwenye gari lako. Sema mapema kwamba unavitaka. Kiwambo kilichotoboka huonyesha tundu lake kikitazamwa kwenye mwanga, na mpira uliopasuka huonyesha ufa wake. Usipoonyeshwa kipuri kibovu, huna njia ya kujua kama kilibadilishwa au kama kilikuwa kibovu.

Dhamana. Vipuri vipya au vilivyokarabatiwa, pamoja na kazi ya kuvifunga, vina dhamana kisheria. Hakikisha kipindi chake kwa siku na kwa kilomita kimeandikwa katika ankara yako.

Tunashauri pia ombi moja lisilogharimu kitu: vipimo viandikwe. Karatasi moja inatosha, yenye misimbo iliyosomwa, kipimo cha ombwe, kompresheni ya kila silinda, na matokeo ya kikombe na solenoidi. Karatasi hiyo itakusaidia kupata maoni ya fundi wa pili bila kulipia kazi ile ile mara mbili, na itakuwa ushahidi wako ikiwa mgogoro utatokea. Fundi anayeijua kazi yake haoni haya kuandika alichokipima.

Mambo yakiharibika

Gari likirudi na hitilafu ile ile, lirudishe kwa gereji iliyolitengeneza na ueleze kwa maandishi tatizo lilivyo. Taja tarehe, nambari ya ankara na unachodai: kazi irudiwe, au fedha zirejeshwe. Wape muda maalumu wa kujibu. Usiruhusu gereji nyingine iondoe kipuri kinachobishaniwa kabla ya kupigwa picha kikiwa mahali pake.

Wasipojibu, una njia mbili. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, hupokea malalamiko ya watumiaji kuhusu maelezo ya uongo au ya kupotosha juu ya bidhaa na huduma. Kipuri kilichotumika kuuzwa kama kipya, au injini nzima kutangazwa mbovu ili iuzwe nyingine, ni mambo ya kuripotiwa. Ikiwa unachotaka ni fedha zako, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria huitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu dai kuwasilishwa. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili.

Katika njia zote mbili utaulizwa nyaraka: makadirio, ujumbe wa idhini, ankara, risiti ya malipo, karatasi ya vipimo na picha. Zihifadhi pamoja tangu siku unapolipeleka gari gerejini, kwa kuwa siku hiyo bado hujui kama utazihitaji.